Safari ya Kahawa: Vipi Mila Hutoka Nchi Moja Zikafika Nyingine



Likitajwa neno "jiografia", wengi wetu hukumbuka ramani ya ukutani na mwalimu mwenye fimbo akiwataka watoto wataje majina ya milima na mito. Hiyo ni sehemu moja tu ya elimu hii. Iko sehemu nyingine ambayo haianzi na mlima wala mto, bali huanza na mtu: yuko wapi, kwa nini yuko hapo, hupita njia gani akenda kwa mwenzake, na akirudi hurudi na nini. Sehemu hii huitwa jiografia ya binadamu, na ndani yake muna mlango mkubwa unaohusu namna mila za watu zinavyotoka nchi moja zikaenea katika nchi nyingine.

Wala usidhani kuwa hii ni elimu ya kigeni kwa Waislamu. Al-Mas'udi, aliyefariki mwaka 956, alisafiri mpaka bahari yetu hii ya Zinji akaandika aliyoyaona. Al-Idrisi alimaliza mwaka 1154 kitabu cha ramani na khabari za nchi alichomtungia mfalme wa Sicily. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 alieleza vipi joto na baridi ya nchi, chakula cha watu na njia zao za kuchuma hugeuza tabia na desturi zao. Na kila msomaji wa Qur'ani anaijua Suratu Quraysh, ambayo inataja misafara ya Makureshi ya majira mawili. Na anaijua aya ya Suratul Hujurat inayotaja mataifa na makabila na kujuana kwao. Kujuana hakuwi ila kwa kuendeana, na watu wakiendeana ndipo mila zao nazo huenda.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu ya maneno mawili yanayosikika sana majumbani mwetu. Neno la kwanza husemwa na baadhi ya wazee: kuwa kila tulichokikuta kwa baba zetu ni chetu tangu na tangu, na kila kinachokuja leo ni cha wageni, basi kitupwe. Neno la pili husemwa na baadhi ya vijana: kuwa sisi watu wa pwani hatuna kitu chetu; biriani imetoka Bara Hindi, joho limetoka Arabuni, suruali imetoka Ulaya, basi pana ubaya gani tukichukua na hayo mengine yote yanayoingia kwa simu na televisheni? Baba na mwana hugombana kwa maneno haya mpaka nyumba ikakosa raha. Lakini kosa lao wote wawili ni moja, nalo ni kutouliza mambo husafiri vipi.

Dini yetu siitii katika hesabu hii, kwani dini si mila ya nchi moja. Imeletwa kwa watu wote. Mazungumzo yetu ni ya mila: chakula, kinywaji, vazi, chombo, na adabu za kukaa na watu. Na ili maneno yasiwe ya angani, nitachukua kitu kimoja tu ambacho kila nyumba yetu inakijua, nacho ni kahawa.

MAMBO MATANO YA KUJUA KWANZA

La kwanza ni mahali. Kila mila ina mahali ilipoanzia, lakini usilitegemee jina likuonyeshe mahali hapo. Tazama mahindi. Jina lake laelekea Bara Hindi, na hali asili ya mmea wenyewe ni Amerika, ambako watu wa nchi ya Mexico waliupanda kwa maelfu ya miaka kabla haujaonekana Afrika wala Asia. Jina hutwambia kitu kimeingia kwetu kwa mlango gani; halitwambii kimezaliwa wapi.

La pili ni ruhusa ya ardhi. Nchi na hewa yake hutoa ruhusa, lakini hazitoi amri. Mnazi waota pwani na hauoti Nairobi. Hiyo ni ruhusa. Lakini kupika wali kwa tui, kuezeka kwa makuti na kusuka kamba za makumbi, hayo hayakuamrishwa na mnazi. Ni watu waliochagua na kufundishana.

La tatu ni njia. Umbali baina ya watu haupimwi kwa maili peke yake. Kabla ya reli iliyojengwa kutoka Mombasa mpaka ziwani baina ya mwaka 1896 na 1901, wengi katika watu wa Mombasa walikuwa na khabari za Aden na Maskati zaidi kuliko khabari za Kisumu. Kaskazi ilivuma ikaleta majahazi, na kusi ikavuma ikayarudisha. Bahari iliyo mbele ilikuwa ndiyo barabara, na nyika kavu iliyo nyuma ya mji ilikuwa ngumu kuivuka.

La nne ni namna za kuenea, nazo khasa ni tatu. Ya kwanza, mtu huhama au husafiri akaenda na mila yake. Ya pili, mila hupita kwa jirani na jirani, kama moto unaoshika nyumba za makuti. Ya tatu, mila huanza katika miji mikubwa au kwa watu wenye vyeo, kisha ikashukia miji midogo na watu wa kawaida.

La tano ni kizuizi, na namna kitu kinavyogeuka. Mila ikiwa safarini hukutana na vizuizi: jangwa, baridi, sheria, vita, au nyoyo za watu zisizoikubali. Na ikivuka haifiki kama ilivyotoka. Kila inapolala hupata kitu na huacha kitu.

Ukiyashika haya matano, basi twende safari.

KAHAWA ILIKOZALIWA

Mti wa kahawa ile inayoitwa arabika asili yake ni misitu ya nyanda za juu za kusini magharibi ya Ethiopia, khasa upande wa Kaffa. Mwaka 1753 mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, alipoupa jina la kitaalamu, aliuita kahawa ya Arabuni, kwa kuwa Ulaya iliipata kahawa kwa mikono ya Waarabu. Ni yale yale ya mahindi: mti ni wa Afrika, na jina ni la mlango ulikopitia.

Kahawa haikuwa tangu hapo ni kinywaji. Hata leo Waborana, walioko kusini ya Ethiopia na kaskazini ya Kenya, hukaanga buni kwa samli wakazitafuna katika shughuli zao za kuombeana baraka. Ama kile kisa mashuhuri cha mchunga mbuzi aliyeona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda ya kahawa, kilichapishwa katika kitabu huko Roma mwaka 1671, wakati ambapo Waarabu walikuwa wamekwisha kunywa kahawa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Kisa chapendeza, lakini si ushahidi.

Khabari yenye nguvu zaidi ni ile iliyoandikwa na Abdul-Qadir al-Jaziri, aliyetunga kitabu cha kuitetea kahawa katikati ya karne ya 16. Yeye anapokea kuwa Sheikh Jamaluddin adh-Dhabhani, mufti wa Aden aliyefariki mwaka 1470, alipata kwenda upande wa Afrika akawaona watu wanaitumia kahawa. Aliporudi Aden akashikwa na maradhi, akaikumbuka, akainywa, akaona nafuu. Na akaona kuwa humwondoshea mtu usingizi na uchovu. Masufi wa Yemen wakaipokea ili wapate nguvu ya kukesha katika dhikri. Basi hapa imetimia ile namna ya kwanza ya kuenea: mtu amevuka bahari nyembamba, akarudi na elimu ya kitu.

Kutoka Yemen kahawa ilikwenda na wanafunzi na mahujaji. Mwanzoni mwa karne ya 16 wanafunzi wa Kiyemeni waliokaa Al-Azhar, mjini Cairo, walikuwa wakiinywa katika dhikri zao za usiku. Na Makka, kama ujuavyo, ni mahali wanapokutana watu wa kila nchi kisha wakatawanyika. Katika elimu hii ya jiografia hakuna njia panda kubwa kuliko hiyo.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Ibn Battuta alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Katika khabari za mapokezi yake huko Mogadishu anataja tambuu na popoo aliyoletewa kwa heshima ya ugeni. Kahawa haitaji. Asingeweza kuitaja, kwani hata Aden kwenyewe mashekhe walikuwa hawajaanza kuinywa. Basi sisi tunaosema kuwa kahawa ya barazani ni mila ya mababu tangu na tangu, na tujue kuwa walikuwako mababu kabla ya kahawa, na walikirimu wageni vizuri tu.

WANAVYUONI WALIVYOIPOKEA

Kahawa haikupita kwa urahisi. Neno lenyewe "qahwa" katika Kiarabu cha zamani lilikuwa ni mojawapo ya majina ya mvinyo, na jambo hilo peke yake lilitia watu shaka. Mwaka 1511 msimamizi wa masoko na adabu za mji wa Makka, jina lake Kha'ir Beg, aliona usiku watu wamekusanyika upande mmoja wa msikiti wana taa zao, wanapokezana kinywaji. Alipouliza akaambiwa ni kahawa, na kuwa hunywewa pia katika vikao vinavyofanana na vilabu. Akawakusanya wanavyuoni na matabibu, na baada ya mjadala kahawa ikapigwa marufuku Makka. Waliokuwa nayo wakachomewa mali yao.

Lakini khabari zilipofika Cairo kwa Sultani, jawabu iliyorudi haikuwa sawa na hukumu ya Makka. Ilikataza mikusanyiko yenye mambo mabaya, wala haikukiharamisha kinywaji chenyewe. Tazama busara hii. Walitenga baina ya kitu na matumizi yake. Wanavyuoni waliotetea walishika ile kanuni inayojulikana katika fiqhi, kuwa asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Na jina la zamani la mvinyo si dalili, kwani hukumu hufuata kitu, haifuati jina. Na imepokewa kuwa kadhi mmoja wa Misri, badala ya kutegemea maneno ya watu, aliamrisha kahawa ipikwe, akawanywesha watu mbele yake, kisha akakaa akizungumza nao sehemu kubwa ya mchana aone kama akili zao zitageuka. Hazikugeuka, naye akairuhusu.

Baadaye kahawa ikafika Istanbul. Mwandishi wa tarikh wa Kituruki, Pechevi, anaandika kuwa vikao vya kwanza vya kahawa vilifunguliwa huko mwaka 962 wa Hijra, yaani 1554 au 1555, na watu wawili: mmoja wa Halab na mwengine wa Damascus. Hapa tena palizuka malalamiko, kuwa watu wanajaa vikaoni na msikiti uko mtupu. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne alivifunga vikao hivyo kwa ukali mkubwa. Lakini baada yake vilirudi. Kizuizi cha amri huchelewesha mila, lakini mara chache huikata ikiwa nyoyo za watu zimekwisha kuikubali.

Basi kumbuka, ndugu msomaji: kile unachomiminiwa leo baada ya maulidi, katika hitima na katika harusi, kilikuwa siku moja ni kitu kipya kilichotiliwa shaka, kikachomwa moto njiani katika mji mtukufu wa Makka. Wanavyuoni wetu hawakukikubali kwa upofu wala hawakukikataa kwa upofu. Walibishana, wakapima, wakajaribu.

KAHAWA MIKONONI MWA WAZUNGU

Ulaya ilijifunza kahawa kwa Waturuki na Waarabu. London ilipata kikao chake cha kwanza mwaka 1652. Na huko nako yalitokea yale yale ya Makka na Istanbul: mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili alitoa amri vikao vya kahawa vifungwe, kwa kuogopa maneno ya siasa yanayosemwa humo. Watu walipiga kelele, na baada ya siku chache akairudisha nyuma amri yake. Lakini angalia namna kitu kilivyogeuka. Kinywaji cha masufi wa Yemen cha kukeshea ibada, London kiligeuka kuwa kinywaji cha kufanyia biashara. Katika kikao cha bwana mmoja aliyeitwa Edward Lloyd walikutana manahodha na matajiri wa vyombo, na humo ndimo ilimokulia biashara ya bima za meli ambayo mpaka leo yaitwa kwa jina lake.

Ama mti wenyewe, nao ulianza safari yake mbali na kinywaji. Kwa muda mrefu Yemen ndiyo iliyouza kahawa duniani, na bandari yake ya Mokha ilipata umaarufu kwa hilo. Waislamu wa Kusini ya India husimulia kuwa mtu mwema aliyeitwa Baba Budan, alipokuwa akirudi kutoka hija katika karne ya 17, alibeba kwa siri mbegu saba na kuzipanda katika vilima vya Chikmagalur. Mwaka 1699 Waholanzi walichukua miche kutoka India wakaipanda Java. Mwaka 1706 mche mmoja ukapelekwa Amsterdam, na mwaka 1714 Waholanzi wakampa mfalme wa Ufaransa mti mmoja kwa hidaya. Wafaransa nao walichukua miche ya Mokha wakaipanda katika kisiwa cha Réunion mwaka 1715, na miaka ya 1720 kahawa ikafika Martinique. Mwaka 1727 ikaingia Brazil, nchi ambayo leo hutoa kiasi cha theluthi moja ya kahawa yote ya dunia.

Usiisome orodha hii kama hadithi ya kupendeza tu. Uliza ni nani aliyelima. Mwishoni mwa karne ya 18 koloni la Kifaransa la Saint-Domingue lilitoa kiasi cha nusu ya kahawa ya dunia, na waliolima walikuwa ni Waafrika waliotiwa utumwani, karibu watu nusu milioni. Waliasi mwaka 1791, na mwaka 1804 nchi yao ikawa huru kwa jina la Haiti. Huko Brazil utumwa haukufutwa mpaka mwaka 1888. Mti umetoka Afrika, na Mwafrika akachukuliwa kwa minyororo kwenda kuulima ng'ambo ya bahari. Na sisi wa pwani tusijifanye hatuzijui khabari kama hizi: katika karne ya 19 karafuu za Unguja na Pemba, na nafaka za mashamba ya Malindi, zililimwa kwa mikono ya watumwa. Mila ikija kwetu huja na utamu wake na pia na deni lake, na mwenye insafu huyajua yote mawili.

Na njia hiyo hiyo ya biashara hupitisha maradhi. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana katika mashamba ya kahawa ya Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Kwa miaka michache mashamba yaliangamia, na wenye mashamba wakageukia kupanda chai.

NJIA TATU ZILIZOFIKA KWETU

Sasa turudi Afrika Mashariki, kwani hapa ndipo elimu hii inapoonekana wazi kabisa. Kahawa ilitufikia kwa njia tatu mbalimbali, na kila njia ilileta kahawa ya namna yake.

Njia ya kwanza ni ya bahari. Kinywaji kilikuja pwani kutoka kaskazini pamoja na majahazi na watu wa Yemen, Hadhramaut na Oman. Ushahidi wake ni lugha na vyombo: kahawa, buni, dele la shaba, na vikombe vidogo visivyo na mkono. Mpaka leo watu wa Yemen huchemsha maganda ya buni pamoja na tangawizi. Na tangawizi hiyo twaijua sisi katika kahawa yetu. Lakini mti wa arabika wataka baridi ya milimani, na joto la Lamu, Mombasa na Unguja haliufai. Basi pwani ilijifunza kunywa bila ya kupanda. Na haikuchukua tu, bali iligeuza: ikaitia barazani, ikaiweka pamoja na kashata na haluwa, ikampa muuza kahawa ule mlio wa kugonganisha vikombe vyake anapopita mitaani. Kisha ikazaa neno "mkahawa", ambalo leo hutumika kwa nyumba yoyote ya kula, hata ile isiyopika kahawa kabisa.

Njia ya pili ni ya ziwani. Wahaya wa Bukoba na jirani zao wa Uganda wana kahawa yao ya zamani, ya aina ya robusta, ambayo yaota katika nchi hizo hizo. Wao hawakungoja jahazi wala mmisionari. Waliichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna, wakampa mgeni kwa heshima, na wakala nayo viapo vya kuchanjiana udugu. Huu ni ushahidi kuwa watu wawili waweza kuwa na kitu kimoja na wakajenga mila mbili zisizojuana.

Njia ya tatu ndiyo ya ajabu zaidi. Kutoka Kaffa mpaka Kilimanjaro ni kiasi cha kilomita 1,200 tu, na milima ya Kilimanjaro yaufaa sana mti wa arabika. Lakini baina yao pana nchi kavu ambayo mti huo hauwezi kuota, wala hapakuwa na msafara wa wakulima wenye kubeba miche. Basi mti ukapita Yemen, ukapita visiwa vya Wafaransa, na miaka ya 1890 wamisionari Wakatoliki wakaupanda Bura katika nchi ya Taita, na Kilema katika Kilimanjaro. Zaidi ya miaka 400 ilipita tangu Sheikh adh-Dhabhani kuinywa kahawa Aden mpaka mti kufika kwa jirani wa kwao. Ndiyo maana nikasema umbali haupimwi kwa maili.

Na huko bara kizuizi kingine kilikuwa ni sheria. Katika Kenya serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kupanda kahawa ili faida iwe ya masetla. Ilianza kuwaruhusu wachache katika miaka ya 1930, na mlango ukapanuliwa baada ya mwaka 1954. Upande wa Kilimanjaro wakulima wa Kichaga waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikasimama chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mti ulioletwa na wageni wakaufanya wao, wakasomesha watoto wao kwa bei yake. Nani leo atawaambia kuwa kahawa si yao?

TUFANYE NINI NA ELIMU HII

Sasa turudi kwa yale maneno mawili ya majumbani.

Ewe mzazi unayesema kila cha zamani ni chetu na kila kipya ni cha wageni, mtazame aliyekumiminia kahawa. Hicho unachokishika mkononi kilikuwa kipya kwa babu yako fulani, na palikuwa na aliyekinung'unikia. Upya peke yake si aibu, na ukale peke yake si ushahidi. Ukitaka kumkataza mwanao jambo, mkataze kwa sababu ya madhara yake au hukumu yake, na umweleze. Ukimwambia "hili halikuwako zamani", atakwenda atafute mangapi unayoyapenda wewe nayo hayakuwako zamani, na akiyapata heshima yako itapungua.

Nawe kijana unayesema hatuna chetu, kwa hivyo chochote na kije: Mwarabu hakuzaa kahawa, Mturuki hakuizaa, Mwingereza hakuizaa, na hapana hata mmoja wao aliyejidharau kwa kuipokea. Lakini kila mmoja alifanya kazi juu yake. Makka na Cairo waliihukumu na kuipima. Yemen ililima vilima. Pwani yetu iliipa baraza na adabu. Mchaga aliiundia ushirika. Kitu huwa chako kwa kazi uliyoifanya juu yake. Ama mwenye kupokea kila kinachomwagika kwenye simu yake bila ya kukipima wala kukigeuza, huyo hana tofauti na gati: mizigo yote yapita juu yake, na yeye mwenyewe habaki na kitu.

Basi nakupeni, wewe na watu wa nyumba yako, maswali matano, na myaulize mbele ya kila kipya kinachobisha hodi. Kimetoka wapi khasa, si kwa jina tu? Kimepita kwa nani, na yeye alikitakia nini? Nani aliyelipa gharama yake, na je, analipa mpaka leo? Ubaya wake, ikiwa uko, umo ndani ya kitu chenyewe au katika namna ya kukitumia? Na sisi twaweza kukifanyia kazi gani ili kifae dini yetu na nyumba zetu? Anzeni na vitu vyepesi: leso ya mama, chano cha haluwa, pilipili ya mchuzi, mkeka wa ukili. Mtoto aliyezoea kuuliza hivi juu ya kikombe cha kahawa hatashindwa kuuliza hivyo hivyo juu ya picha, wimbo au fikra inayomjia usiku chumbani mwake wakati wewe umelala. Huko huwezi kumlinda kwa fimbo. Kilichobaki ni akili yake, na namna ulivyomfundisha kuitumia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kusikiliza maneno na kupima, na awahifadhi watoto wetu. Wallahu aalam.